Diski Mpya Katika Kipakatalishi cha Zamani

Kipakatalishi kilichotoka kiwandani kati ya 2010 na 2017 hakizeeki kwa kasi moja katika viungo vyake vyote. Prosesa yake, iwe Core i5 au hata i3, bado ina nguvu za kuandika barua, kufungua tovuti za serikali, kuonyesha video na kupiga hesabu za karo za shule nzima. Kioo mara nyingi ni kizima. Kibodi ina vitufe viwili vitatu vilivyofutika herufi, basi. Kiungo kinachochoka mapema, na kinachovifanya vingine vyote vionekane vimechoka, ni diski ya kuhifadhia data. Ndiyo maana mashine yenye afya hukaa dakika nne nzima ikizungusha viduara kwenye kioo kabla ya kufunguka, mwenyewe akaamua kwamba imekwisha na kuanza kutafuta pesa za nyingine.

Kapseret, kusini mwa jiji la Eldoret, mashine za namna hii ni nyingi. Eneo bunge hili la Kaunti ya Uasin Gishu lina wadi tano, Simat/Kapseret, Kipkenyo, Ngeria, Megun na Langas, na ndani yake mna mashamba ya mahindi, vyumba vya kupanga vilivyobanana vya Langas, na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret uliofunguliwa 1997. Mwanafunzi wa chuo, mwalimu, karani wa chama cha akiba na mwenye saiba kando ya barabara ya Kapsabet wote wanategemea kipakatalishi, na aghalabu si kipya. Kimekwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya au Marekani kabla ya kuletwa Kenya, na wauzaji hukiita eksi-UK hata kama Uingereza hakikupita. HP EliteBook, Lenovo ThinkPad na Dell Latitude ndizo zinazoongoza. Hizi zilijengwa kwa ajili ya makampuni yenye mafundi wao wenyewe, kwa hiyo vifuniko vyake vinafunguka kwa bisibisi ya kawaida na diski yake inatoka bila kubomoa chochote. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, sifa hiyo ina thamani kuliko wembamba wa mashine mpya.

Ili kuelewa kwa nini kubadilisha kifaa kimoja huleta tofauti kubwa hivyo, ni vizuri kutazama kinachotendeka ndani ya diski ya zamani, ile mafundi wanayoiita hadi diski. Mna sahani moja au mbili zinazong'aa kama kioo, zilizopakwa utando wa sumaku. Sahani hizo huzunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika katika vipakatalishi, na juu yake mkono mwembamba hupeleka kichwa cha kusomea huku na huko. Kila data inapohitajika, mkono husogea hadi kwenye njia inayofaa, jambo linalochukua wastani wa milisekunde 12 hivi, kisha kichwa husubiri sahani ilete kipande chenyewe, milisekunde nyingine tano na nusu kwa wastani. Jumla ni karibu milisekunde 18. Muda huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini maana yake ni kwamba diski inaweza kuchukua vitu hamsini au sitini tu kwa sekunde iwapo vimetawanyika. Windows inapowaka huhitaji maelfu kwa maelfu ya vitu vidogo vilivyotawanyika. Ni kama karani wa ghala la mahindi anayetumwa gunia moja, akirudi anatumwa lingine upande wa pili wa ghala, siku nzima, ilhali lori na wapakizi wamesimama mlangoni. Wapakizi hao ndio prosesa na kumbukumbu ya RAM. Hawana ugonjwa wowote, wanangoja gunia.

Kanuni hiyo ya sahani na mkono ni ya 1956, mwaka ambao kampuni ya IBM ilitoa mashine ya RAMAC yenye sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, zote pamoja zikibeba chini ya MB 5. Picha moja ya simu ya leo inaweza kukosa nafasi humo. Ukubwa wa diski umepungua na ujazo umeongezeka mara mamilioni, ila mkono bado unasafiri.

SSD, diski mpya inayochukua nafasi ya hadi diski, haina mkono wala sahani. Ndani yake mna chipu za kumbukumbu ya flashi, teknolojia iliyobuniwa na mhandisi Mjapani Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Data hukaa kama chaji za umeme zilizofungiwa katika seli ndogo mno, na seli yoyote hufikiwa kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja, popote ilipo. SSD ya kawaida inayotumia kiunganishi cha SATA husoma hadi takriban MB 550 kwa sekunde pale hadi diski ya kipakatalishi inapoishia kwenye MB 100 hivi. Lakini takwimu hiyo, ambayo ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, si ya kutiliwa maanani sana. Tofauti anayoihisi mtumiaji inatoka kwenye vile vipande vidogo vilivyotawanyika, ambako SSD hushinda kwa mara makumi. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika nne huwaka kwa nusu dakika au chini yake.

Kuna jambo la pili linalowahusu watu wa Kapseret hasa. Kichwa cha hadi diski hakigusi sahani. Huelea juu yake kwa mto wa hewa mwembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Hewa ya Eldoret, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi, na wepesi huo ni sehemu ya sababu ya wanariadha kuja kufanya mazoezi huku na kule Iten. Watengenezaji wengi wa hadi diski huweka kikomo cha matumizi karibu mita 3,000, kwa hiyo Kapseret iko ndani ya mipaka na diski haziharibiki kwa sababu ya mwinuko. Adui halisi ni mtikiso. Kipakatalishi kilichofunikwa bila kuzimwa, sahani zikiwa bado zinazunguka, kikatiwa mkobani na kupanda bodaboda kwenye barabara ya murram yenye makorongo, kinaweza kukifanya kichwa kigonge sahani na kuikwaruza. Mkwaruzo mdogo unatosha kupoteza faili za miaka. SSD haina kinachoweza kugongana ndani yake, na hapo tu ingekuwa na haki ya kununuliwa hata kama isingeongeza kasi.

Kabla ya kununua chochote, mashine yenyewe ichunguzwe, kwa sababu si kila uzito unatokana na diski. Katika Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha nani anatumia nini. Safu ya diski ikisimama kwenye asilimia 100 huku ya prosesa ikiwa kwenye kumi au ishirini, jibu limepatikana. Prosesa ikiwa ndiyo iliyojaa, na feni inavuma kama kinu cha kusagia unga, huenda tatizo ni vumbi; msimu wa mavuno, kuanzia Oktoba hadi Desemba, mashine nyingi za Uasin Gishu hujaa vumbi la mahindi na barabara hadi zikashindwa kupumua. RAM nayo itazamwe. Kipakatalishi chenye GB 2 kitabaki kizito hata kikipewa SSD, na chenye GB 4 kitafaidika lakini kitafaidika zaidi kikiongezwa hadi GB 8. RAM inapojaa, Windows huazima nafasi kwenye diski, na hapo uzito wa hadi diski huonekana mara mbili. Mtandao wa kubahatisha hautatengenezwa na SSD yoyote.

Afya ya diski iliyopo nayo ipimwe mapema. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe hujiwekea: saa ilizofanya kazi, sehemu zilizokufa na zile zinazosubiri kutangazwa zimekufa. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu, au diski ikianza kutoa mlio wa tik-tik-tik kama saa ya ukutani, mambo yote mengine yasimame. Mlio huo ni wa mkono unaojaribu na kushindwa kusoma mahali. Katika hali hiyo kila dakika ya kuwasha ni hasara, na kitu cha kwanza ni kunakili faili zisizopatikana kwingine, kama tasnifu, picha za familia, vyeti vilivyoskaniwa na daftari za biashara, kuziweka kwenye diski ya nje au kwa mtu mwingine anayeaminika. Hata diski ikiwa nzima, nakala hiyo ifanywe. Hakuna hatua katika sura hii yenye uzito kama hii, na hakuna inayorukwa mara nyingi kama hii.

Ununuzi wa SSD unahitaji kujua umbo kabla ya bei. Vipakatalishi vya hadi 2014 hivi vingi vinatumia diski ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, na SSD ya umbo hilo hilo huingia palepale. Unene uangaliwe: hadi diski nyingi zina milimita 9.5, SSD nyingi zina 7. Katika ThinkPad X220 na X230 nafasi yenyewe ni ya milimita 7, hivyo SSD hukaa sawasawa. Katika mashine zenye nafasi ya 9.5 kipande kidogo cha plastiki huwekwa ili diski isicheze. Mashine za baadaye zina nafasi ya kadi nyembamba ya M.2, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kadi mbili za M.2 zinaweza kufanana kwa upana na urefu, milimita 22 kwa 80, lakini moja ikatumia SATA na nyingine NVMe, lugha mbili tofauti kabisa. Nafasi inayojua SATA peke yake haitaitambua kadi ya NVMe hata ikiingia vizuri, na mashine nyingi za kabla ya 2015 haziwezi kuwaka kutoka NVMe hata kidogo. HP EliteBook 840 G3 ya 2016 inakubali zote mbili, M.2 na inchi 2.5, na ni mfano mzuri wa mashine inayompa mwenyewe uhuru. Kwa upande mwingine, Chromebook nyingi za bei ya chini na vipakatalishi vidogo vya GB 32 au 64 vina chipu ya eMMC iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Huko hakuna cha kubadilisha.

Kuhusu ujazo, GB 240 au 256 zinamtosha mtu wa nyaraka na barua pepe, na GB 480 au 512 zinamfaa anayehifadhi picha na video. Kushuka hadi GB 120 ili kuokoa pesa kidogo ni kosa, maana Windows na programu zake zitakula nusu, na SSD inayokaribia kujaa hupungua kasi na kuchakaa mapema. Asilimia 15 hivi ya nafasi iachwe tupu daima.

Hofu ya kwamba SSD huisha ina ukweli ndani yake, ila hukuzwa kupita kiasi. Ni kweli kila seli huvumilia idadi fulani tu ya kuandikwa na kufutwa. Mtengenezaji hutaja kikomo hicho kwa terabaiti. Kingston A400 ya GB 240, moja ya zilizouzwa sana, imetajiwa TB 80. Mtu anayeandika GB 20 kila siku, kiasi ambacho mwalimu au mwanafunzi hakifikii kwa kawaida, atatumia siku 4,000 kufika hapo. Hiyo ni karibu miaka 11, na kipakatalishi cha 2013 hakidai zaidi ya hapo.

Kinachostahili hofu zaidi ni SSD bandia. Zipo za jina lisilojulikana zinazodai TB 1 au 2 kwa bei ya kutupa, kumbe ndani mna kadi ndogo ya GB 32 iliyofundishwa kusema uongo kuhusu ujazo wake. Faili za mwanzo huingia vizuri. Za baadaye huandikwa juu ya za kwanza, na mwenyewe hagundui hadi siku anapozihitaji. Dawa ni kupima kabla ya kuamini. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, hujaza diski yote kwa data na kuisoma tena, kisha husema ujazo halisi. Kipimo huchukua saa moja au zaidi kulingana na ukubwa. Muuzaji mwaminifu, awe wa Eldoret mjini au wa Luthuli Avenue kule Nairobi, hatakataa kuandika kwenye risiti kwamba diski itarudishwa ikishindwa kipimo.

Diski ikishapatikana kuna njia mbili: kunakili mfumo wote wa zamani kama ulivyo, au kuweka mfumo mpya na kurudisha faili baadaye. Kunakili kunahitaji waya wa kuunganisha SATA na USB, pamoja na programu kama Clonezilla, ambayo ni ya bure. SSD ikiwa ndogo kuliko diski ya zamani, sehemu ya zamani hupunguzwa kwanza hadi itoshe. Njia hii humwachia mwenyewe programu zake, manenosiri yake na mpangilio wake. Humwachia pia virusi, takataka na hitilafu za miaka minane. Kwa mashine ya eksi-UK ambayo haijulikani ilipita mikono ya nani, mfumo mpya kabisa ndio uamuzi bora, hata kama utachukua alasiri nzima.

Mfumo mpya huandaliwa kwenye flashi ya GB 8 au zaidi. Leseni ya Windows 10 haiko kwenye diski. Mashine nyingi zilizotoka na Windows 8 au baadaye zina ufunguo ndani ya bodi kuu, na Windows iliyokwisha kuidhinishwa hujitambua yenyewe baada ya diski kubadilishwa. Lakini swali kubwa zaidi lilikuja 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, zilizoanza kutoka 2017. Karibu mashine zote zinazozungumziwa hapa zimeachwa nje. Zipo mbinu za kulazimisha, lakini mashine inayotegemewa kwa riziki haifai kuishi kwa ujanja unaoweza kukatwa na sasisho moja.

Kwa hiyo Linux Mint inastahili kufikiriwa kwa dhati. Ni ya bure, inapokea masasisho ya usalama, na kwenye ThinkPad ya 2012 yenye SSD na GB 8 za RAM inakwenda kama maji. eCitizen, tovuti ya HELB ya mikopo ya wanafunzi na ile ya KUCCPS ya nafasi za vyuo hufunguka ndani ya kivinjari cha Firefox au Chrome bila kujali mfumo. Pingamizi halisi ni fomu za kodi za KRA za Excel zinazoendeshwa na makro. Hizo zijaribiwe kwanza katika LibreOffice kabla mwenye saiba hajahamisha mashine zake zote, kwa sababu foleni ya wateja ya mwisho wa Juni haimsubiri mtu anayejifunza.

Kazi yenyewe ya mikono haizidi nusu saa. Mashine huzimwa kabisa, si kulazwa tu, chaja ikachomolewa na betri ikatolewa. Zile zenye betri ya ndani, ThinkPad za T na X za baadaye zikiwamo, zina mahali katika BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, pa kuizima betri kwa muda. Isipowezekana, betri ichomolewe mara tu kifuniko kinapofunguka. Kitufe cha kuwashia hushikiliwa sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki uishe. Januari na Februari hewa ya Uasin Gishu ni kavu na sweta za sufu hujaa umeme tuli, basi fundi aguse chuma kisicho na rangi kabla ya kushika chipu yoyote, na asifanyie kazi juu ya zulia au blanketi.

Skrubu ndizo zinazowafedhehesha wengi. Kifuniko cha chini kinaweza kuwa na kumi na mbili, za urefu tofauti, na skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi hutoboa plastiki ya juu karibu na kibodi. Mafundi wazuri huchora umbo la mashine kwenye karatasi au boksi tupu, kisha huchomeka kila skrubu mahali pake kwenye mchoro. Kazi ya dakika mbili, na inamtambulisha fundi anayejua kuliko bango lolote la dukani.

Diski ya zamani hukaa ndani ya fremu ndogo ya chuma iliyofungwa kwa skrubu nne, wakati mwingine na ukanda wa plastiki wa kuivutia. Huvutwa kutoka kwenye kiunganishi kwa kwenda mbele au nyuma, kamwe si kwa kuinuliwa. Katika baadhi ya HP na katika MacBook Pro za 2012, kati ya diski na bodi kuna utepe mwembamba wa waya, nao hupasuka ukivutwa kwa pupa. Utepe wa MacBook hizo una sifa mbaya ya kuharibika wenyewe, na SSD nyingi nzima zimelaumiwa kwa kosa lake. Fremu huhamishiwa SSD, plagi mbili zenye umbo la L huelekezwa sawasawa, na diski husukumwa taratibu hadi ikae. Ikigoma, ndiyo imekaa vibaya. Nguvu haihitajiki popote katika kazi hii.

Mashine ikiwashwa, BIOS ikaguliwe: SSD ionekane kwa jina lake, na kidhibiti cha SATA kiwe kwenye hali ya AHCI badala ya IDE, kwani baadhi ya mashine za 2010 na 2011 zilikuja na hiyo IDE ya zamani, nayo hupunguza kasi ya SSD kimyakimya. Mfumo ukishawekwa, kinachobaki ni kidogo. Windows tangu toleo la 7 la 2009 huiambia SSD ni sehemu gani zimefutwa, utaratibu uitwao TRIM, na Linux Mint hufanya hivyo kila wiki. Kupanga upya vipande vya faili, zoezi lililokuwa dawa ya hadi diski, halina faida kwenye SSD na huichosha bure.

Betri haipaswi kusahauliwa. Vipakatalishi vingi vya zamani vya Kapseret huishi kwenye chaja saa zote kwa sababu betri imekufa, na stima ikipotea, jambo la kawaida wakati wa mvua kubwa na radi, mashine huzimika katikati ya kuandika. SSD za bei nafuu hazina akiba ya umeme ya kumalizia kazi iliyokuwa mkononi, na kuzimika kwa ghafla mara kwa mara kunaweza kuharibu faili au hata ramani nzima ya diski. Aliyetumia pesa kwenye SSD akaiacha betri mfu amefanya nusu ya kazi. Betri inayodumu hata dakika ishirini inatosha kuhifadhi hati na kuzima kwa utulivu.

Inabaki diski iliyotolewa. Ikiwa nzima, hutiwa ndani ya kasha la USB la bei ndogo na kuwa ghala la nakala, kazi inayoifaa kuliko SSD, kwani SSD iliyochakaa na kukaa muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza chaji za seli zake. Ikiuzwa au kugawiwa, isitoke na data. Kufomati kwa haraka hakufuti kitu. Huondoa orodha tu, na faili hurudishwa na programu yoyote ya bure. Ndani ya diski ya karani mmoja mnaweza kuwa na nakala za vitambulisho, nambari za PIN za KRA na taarifa za M-Pesa za mamia ya wateja, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 humtwika mwenye kuhifadhi taarifa hizo wajibu wa kuzilinda hadi mwisho. Diski iandikwe upya yote kwa sifuri, zoezi la saa kadhaa kwa GB 500. Ile iliyokufa, isiyoweza kuandikwa tena, itobolewe sahani zake kwa keekee kabla ya kupelekwa kwa wanaokusanya taka za elektroniki, na isitupwe shimoni wala kuchomwa pamoja na takataka za nyumbani.